Saa za chekechea zinazolipwa na serikali England: huduma nzuri, tarehe kali

Tangu Septemba 2025, mtoto wa wazazi wanaofanya kazi England hulipiwa na serikali saa 30 za malezi kwa wiki, kuanzia miezi 9 hadi aanze shule. Lakini wiki zenyewe ni 38 kwa mwaka, yaani saa 1,140. Chekechea ikikubali kuzitandaza kwa wiki 51, unabaki na saa kama 22 kwa wiki. Usipozitandaza, bili ya Agosti ni yako yote.

Maombi hufanywa gov.uk. Kila mzazi awe na kipato kisichopungua saa 16 kwa wiki za kima cha chini cha mshahara, na kisizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Aliyejiajiri bado hajafikisha miezi 12 hadaiwi kima hicho cha chini, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukikubaliwa unapewa namba ya tarakimu 11, uipeleke chekechea pamoja na namba yako ya bima ya taifa na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Pabaya ni kalenda. Namba lazima iwe imetoka kabla muhula haujaanza: mwisho ni 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi. Aliyetimiza miezi 9 tarehe 31 Machi anaanza Aprili. Aliyetimiza kesho yake anasubiri Septemba. Siku moja, miezi mitano ya kulipa mfukoni! Halafu kila baada ya miezi 3 unathibitisha upya, hata kama hakuna kilichobadilika. Ukisahau, namba inakufa. Mtoto aliyekwisha kuanza hupewa muda wa nyongeza, ila chekechea mpya haitampokea kwa namba hiyo.

Wenye visa isiyoruhusu misaada ya umma huwa hawaombi chochote, na hapo wanajipunja. Saa 30 kweli hawapati, isipokuwa mwenzi wao hana sharti hilo. Lakini mtoto wa miaka 2 anaweza kupata saa 15 kupitia halmashauri, familia ikiwa na akiba isiyozidi pauni 16,000 na kipato kisichozidi 34,500 kwa mwaka ndani ya London, au 26,500 nje yake, kwa familia yenye mtoto mmoja. Akifika miaka 3, saa 15 ni za kila mtoto. Hakuna anayeuliza kazi wala visa.

Tena neno "bure" lisomwe taratibu. Serikali hailipii chakula, nepi wala safari, na chekechea hufidia humo. Mwongozo wa serikali unasema malipo hayo ni ya hiari. Kabla ya kusaini, uliza: mtoto akija na chakula na nepi zake, bili inasoma ngapi? Jibu walitoe kwa maandishi, kila kitu na bei yake.