Filimbi ya mguno: misimu miwili ya kuwinda kulungu Ohio

Nimeitumia Novemba mbili mfululizo, kwa hiyo naweza kuizungumzia. Ni filimbi ya kuigiza mguno wa kulungu dume: bomba la plastiki lenye mikunjo kama ule mpira wa mashine ya kufulia, na ndani yake ulimi mwembamba unaotetema ukipuliza. Niliinunua dola 20 kwenye duka la vifaa vya uwindaji nje ya Columbus, hapa Ohio, Marekani. Siku hiyohiyo nilibeba vitu viwili zaidi: mfuko wa vijiti wa kuigiza pembe zinazogongana, dola 25, na kichupa cha mkojo wa kulungu jike, dola 15. Kati ya hivyo vitatu, filimbi peke yake ndiyo imerudisha pesa yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Voi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla sijazaliwa, kwa hiyo sisi tulikua tukijua mnyama wa pori ni wa kumtazama kando ya barabara au kumfukuza shambani. Kuwinda nimejifunzia huku nikiwa mtu mzima, nikaanza na kozi ya usalama, leseni, kibali cha kulungu, na mzee jirani yangu aliyenikubalia nikae kwenye msitu wake. Namwita kulungu kwa kuwa sina jina lingine, ila si yule wa kwetu mwenye pembe za kusokota. Huyu pembe zake zina matawi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Mkia wake chini ni mweupe, na akishtuka huuinua ukamwona kwa mbali akiondoka nao.

Usinunue filimbi hii ukidhani ni ya mwaka mzima. Kinachowaamsha madume kutafuta majike ni mwanga wa mchana unavyopungua, ndiyo maana tarehe hazisogei sana hata Novemba ikiwa na joto. Jike huwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, kwa saa 24 hadi 36 tu, na asipopandwa hurudi joto baada ya siku 28 hivi. Hapa wengi hupandwa katikati ya Novemba. Kabla ya hapo, tangu mwisho wa Oktoba, utaona dume amekwangua majani chini ya tawi linaloning'inia na kukojoa papo hapo, na miti michanga imechubuliwa gome kwa pembe. Kisha zinakuja siku kama kumi za mwanzo wa Novemba ambapo dume anatembea hata saa sita mchana, bila kula vizuri, anatafuta jike tu. Hizo ndizo siku za filimbi. Akishampata jike, atamganda siku nzima au mbili, na hapo hakusikii.

Sauti yenyewe ni nzuri. Mguno mfupi wa chini, kama mtu anayesafisha koo akiwa amefunga mdomo, unatoka bila shida. Ukilivuta bomba, mguno unakuwa mzito, wa dume mkubwa. Mimi nilizidisha. Mwaka wa kwanza nilipuliza kila dakika tano kama muuza aiskrimu, na msitu ukanyamaza. Mzee akaniambia, "Mpulizie unayemwona. Akigeuka kukuangalia, nyamaza." Sasa nikiwa sijaona mnyama napuliza mara tatu nne, kisha nasubiri nusu saa. Nikimwona anaondoka, napuliza mara moja anapokuwa amenipa mgongo.

Lakini kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye pakiti hayakusema hata neno moja, nalo ndilo lililoniponza. Dume akisikia mguno haji moja kwa moja. Anazunguka kwanza aje upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwake, ili pua imthibitishie alichosikia. Yaani filimbi inamleta pale pale harufu yako ilipo. Tarehe 4 Novemba ya mwaka ule wa kwanza nilimwita dume mwenye matawi manane, nikamwona akisimama, akageuka, nikajua amekuja. Akakata duara kubwa nyuma yangu vichakani. Nilichosikia baadaye ni pua ikipulizwa kwa nguvu, halafu vishindo. Nililia pale juu ya ngazi ninayoifunga mtini ili nikae. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja bila kulala.

Kwa hiyo mwaka jana sikubadilisha filimbi, nilibadilisha mahali pa kukaa. Kuna kijito kinachopinda katikati ya kichaka wanakolala majike na shamba la mahindi lililovunwa, na ng'ambo ya pili ukingo ni mwinuko mkali, hapapandiki. Nilifunga ngazi kwenye mti ulio ukingoni, upepo wa magharibi ukitoka usoni kwangu na kuvuka maji mgongoni. Dume akitaka kuzunguka, atakwama. Upepo naupima kwa mbegu za mmea mmoja wa huku zenye nyuzi kama sufi: unaachia moja, unaitazama inavyoelea. Ni bure, na inakuonyesha hewa inavyoteremka bondeni alfajiri na kuanza kupanda jua likishapasha ardhi. Kifaa cha dukani hakinionyeshi hivyo.

Tarehe 7 Novemba, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, alipita dume hatua sitini hivi, pua chini, akifuata njia ya majike. Mguno mmoja. Akasimama. Sikurudia. Akaja kwa pembeni akitafuta pa kuzungukia, akafika kwenye maji, akasita, akanipa ubavu kwa hatua ishirini. Ninatumia ule upinde wenye kifyatuo kama cha bunduki. Nilikaa nusu saa nzima bila kushuka, mkanda wa usalama umenifunga mtini na miguu inatetemeka, ndipo nikafuata damu. Hakuwa amekwenda mbali. Ohio unaruhusiwa dume mmoja tu wa pembe kwa mwaka, kwa hiyo msimu wangu wa madume uliishia pale, nikaripoti siku hiyohiyo.

Kasoro ya filimbi ni moja na ni ya kweli: baridi. Mate yakiingia kwenye ule ulimi na kuganda, inatoa mlio kama bata, na mlio huo ukishatoka dume hakusubiri. Ninaiweka kifuani ndani ya koti, na kila baada ya kupuliza naikung'uta. Ningependa watengenezaji waweke ulimi unaotoka kirahisi kwa kusafisha. Wangu unahitaji kibano.

Mfuko wa vijiti si mbaya, umeniletea dume mdogo mara moja mwisho wa Oktoba, ila unalazimika kutikisa mikono miwili wakati mnyama anatazama. Kichupa cha mkojo sikupendekezei kabisa. Mkojo unaweza kubeba ule ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu mpaka kufa, na Virginia ilikwisha kataza mkojo halisi tangu 2015. Changu nilikitia kwenye mfuko wa plastiki nikakitupa na taka za nyumbani, nikiwa sijakifungua.

Filimbi naipa nyota nne kati ya tano. Nimenunua ya pili kwa mdogo wangu aliyeko Dayton, anayeanza kozi mwezi huu, na nimemwambia afanyie mazoezi ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa mpaka mguno utoke mfupi.