Shanta ipi ununue kwanza? Mwongozo kwa wapenzi wa treni ndogo Nairobi

Wengi wanaoanza kukusanya treni ndogo hukimbilia kichwa kirefu cha abiria, kisha wakifika nyumbani wanakuta meza haitoshi hata kona moja. Mimi nakaa chumba kimoja. Reli zangu ziko juu ya ubao wa sentimita 150 kwa 30 ambao mchana unaegemea ukuta nyuma ya kabati. Nafasi kama hiyo inataka shanta, ile injini fupi ya kupanga mabehewa stesheni. Kazi yake haiishi: weka reli ya mabehewa matano, mbili za matatu matatu, na mabehewa manane. Ukitakiwa kupanga matano kwa mfuatano uliopewa, mifuatano iko 6,720. Mwingereza Alan Wright ndiye aliyebuni mchezo huo.

Kabla ya kichwa chenyewe, nunua kontrola, kile kifaa kinachopeleka umeme relini na kuongoza mwendo, na inunue ya Uingereza. Plagi zao ni zetu hizi za miguu mitatu bapa, na umeme wao unaingiliana na wetu wa volti 240. Binamu yangu aliwahi kuniletea seti kutoka Marekani, ambako umeme ni volti 120. Nikachomeka transfoma yake kwa adapta ya plagi, ambayo haipunguzi volti hata moja. Ilinguruma kama nyuki, ikatoa harufu ya plastiki, kwisha. Habari njema ni kwamba skeli (yaani kipimo cha udogo) ya Waingereza ya OO (1:76) na ile ya HO (1:87) zote hutembea kwenye reli ya milimita 16.5 kwa volti 12, kwa hiyo kontrola moja inaendesha zote.

Sasa orodha yangu. Sipangi kwa urembo, napanga kwa magurudumu yanayochukua umeme kutoka relini. Pointi, yaani pale reli inapogawanyika, nyingi za bei nafuu zina kipande cha plastiki pale reli zinapokatana, na shanta fupi ikipita hapo polepole huzimika, ukabaki unaisukuma kwa kidole.

Nafasi ya kwanza naipa shanta ya Kimarekani ya bogi mbili (vile vigari vya magurudumu chini ya injini) katika HO: EMD SW1 ya Walthers, au Alco S-2 ya Atlas. Alco halisi ilitengenezwa kati ya 1940 na 1950, nguvu farasi 1,000. Modeli hizi zina magurudumu manane, yote yanavuta na yote yanachukua umeme, na urefu haufiki sentimita 17. Boneti yake ni sanduku refu lililonyooka, raha tupu kwa mwenye mkono wa kupaka rangi.

Ya pili ni Class 08 ya Uingereza, iwe ya Hornby au ya Bachmann. Zilijengwa 996 kati ya 1952 na 1962, hivyo rangi na namba za kukusanya hazikauki. Ina magurudumu sita yaliyofungwa kwa vyuma vya ubavuni, na kwangu mimi ndiyo inayokaribia zaidi shanta za zamani za reli ya Afrika Mashariki. Ningeiweka juu kama si hayo magurudumu mawili pungufu. Mwenye jamaa Uingereza aanzie hapa tu, amwombe aje nayo Desemba.

Ya tatu ni GE ya tani 44 ya Bachmann. Uzito huo una kisa: makubaliano ya 1937 Marekani yalidai mtu wa pili kwenye injini inayozidi ratili 90,000, na hii ina 88,000. Ukiipata iliyotumika, uliza ni toleo gani. Lile la zamani lina mota mbili, moja kila bogi, na linakula umeme zaidi.

Vichwa vile vya magurudumu manne vya watoto, waachie watoto. Skeli ya N yenye reli ya milimita 9 inaokoa nafasi kweli, lakini kubadilisha modeli zake, yaani kuzipaka rangi na kuzitengeneza upya, kunataka macho ambayo mimi sina tena.

Kwa kitu cha mitumba, usitume hela ya M-Pesa kabla hujaona video ikitambaa juu ya pointi. Fungulia sauti. Ukisikia tik, tik, tik inayofuata mzunguko wa gurudumu, huenda gia ya ekseli imepasuka.

Kubadilisha ndiyo starehe yenyewe. Nilienda Makumbusho ya Reli hapa mjini nikasimama mbele ya Mount Gelai, ile injini kubwa ya mvuke aina ya Garratt namba 5918, nikaipiga picha juani ili nipate damu ya mzee iliyo sawasawa. Rangi ya kiwandani niliitoa kwa kulowesha boneti kwenye spiriti, kisha nikaisugua kwa mswaki. Dawa ya kutoa rangi ya kucha usiiguse: mara ya kwanza niliitumia, na kibanda cha dereva kikalainika kama mshumaa. Uzito zaidi unapatikana kwa mafundi wa magurudumu Kirinyaga Road, vile vipande vya kubalansi. Nilibandika viwili ndani ya boneti, mbali na mota, na shanta ikaacha kuteleza. Ndoano za kuunganishia mabehewa nazo amua mapema, maana za Waingereza na za Wamarekani hazishikani. Mimi nilihamia ndoano za Kimarekani za Kadee namba 5 kote.

Ila ukipata modeli adimu ikiwa na boksi na karatasi zake, iache ilivyo. Paka iliyokwaruzika. Yangu ya damu ya mzee haina namba ya shirika lolote. Ubavuni nimeiandika namba ya mlango wangu.