Kununua lori kubwa lililotumika: mpangilio wangu, na sababu ya kuanzia kwenye maji ya rejeta

Wasomaji walionunua malori makubwa yaliyokwisha kutumika wameniandikia malalamiko yanayofanana mno. Lori lilikaguliwa na fundi, likapigwa stati likaitika mara moja, likazungushwa barabarani bila mzigo na halikuonyesha kasoro, fedha zikatolewa. Baada ya safari chache zenye mzigo kamili, maji ya rejeta yakaanza kupungua bila kuonekana yanakovujia, oili ikaingia weupe wa maziwa, na fundi yuleyule aliyelisifu lori akasema kwamba injini haina budi kufunguliwa yote. Hapa ninayapanga malori hayo kuanzia lile ambalo ningelinunua kwa moyo mkunjufu hadi lile ambalo ningelipita bila kugeuka nyuma, na kigezo changu kikubwa ni kimoja ambacho wanunuzi wengi hawakigusi: hali ya laina za injini, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hufanya kazi, kwa upande wa maji.

Matairi, springi, klachi na breki za upepo sitavijadili. Hivyo kila mtu huviangalia, vinaonekana kwa macho, na kasoro yake inaweza kupunguzwa kwenye bei papo hapo. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi nazo naziacha, kwa kuwa katika lori la umri huo namba hiyo ni habari ambayo muuzaji amechagua kukupa.

Injini karibu zote za malori haya hutumia laina zinazoguswa na maji moja kwa moja kwa nje, huku pistoni ikipanda na kushuka ndani yake. Faida yake ni kwamba laina iliyochakaa huchomolewa na kuwekwa nyingine bila kuchonga bloku, yaani chuma kikuu cha injini. Hasara yake ni kwamba kila dizeli inapowaka ndani ya silinda, ukuta wa laina hutikisika kwa kasi kubwa mno, na ukuta huo unapojivuta kutoka kwenye maji, shinikizo la maji mahali hapo hushuka ghafla na vipovu vidogo vya mvuke hujitokeza. Vipovu hivyo havipasuki kwa upole. Hujifunga kwa nguvu inayong'oa chembe za chuma, chembe moja baada ya nyingine, maelfu ya mara kwa kila safari. Ukiichomoa laina iliyoharibika hivyo utaona ndani yake kunang'aa na huenda hata mikwaruzo ya kiwandani bado haijafutika, lakini ukiigeuza, upande ambao pistoni huuegemea inaposukumwa chini una mstari wima wa vitundu kama punje za mahindi zilizoingiwa na dumuzi. Kitundu kimoja kikishatokea upande wa pili, injini ikizimwa ikiwa bado ya moto, shinikizo lililobaki kwenye rejeta huyasukuma maji ndani ya silinda, nayo huteremka taratibu hadi kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Maji yakikusanyika mengi juu ya pistoni, stati ya asubuhi inayofuata inaweza kupinda konrodi (mkono unaoishika pistoni), kwa sababu maji hayakubali kubanwa kama hewa.

Kinachosikitisha ni kwamba ugonjwa huu una kinga rahisi. Kulanti, yaani kipozeo cha injini, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini nzito za dizeli huwa na dawa, kwa miaka mingi nitriti na siku hizi pia asidi za kikaboni, ambayo hujenga utando mwembamba juu ya chuma, na vipovu huula utando huo badala ya kuila laina. Mfuniko wa rejeta wenye springi nzima hushikilia shinikizo, na shinikizo hupunguza vipovu. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na chini ya hapo kadiri unavyopanda milima, ilhali mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethilini glaikoli, ambayo ndiyo msingi wa kulanti nyingi, huchemka takriban nyuzi 107 hata bila kubanwa. Mwenye lori anayejaza maji ya bomba mwaka baada ya mwaka, na kuubana mfuniko uliolegea kwa kipande cha mpira, anazitoboa laina zake mwenyewe bila kujua.

Thamostati nayo ina kisa chake. Wapo mafundi wanaoing'oa na kuitupa kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Katika injini nyingi nzito thamostati ina kazi mbili: kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta na, wakati huohuo, kuifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi. Lori tupu litakimbia likiwa baridi kupita kiasi, na lori lenye mzigo mlimani litachemka, kwa sababu sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta hata kidogo. Ukikuta thamostati haipo, umekwisha kujua namna injini hiyo ilivyotunzwa.

Ukaguzi wenyewe ufanywe asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Gusa bloku kwa kiganja kabla ya kuzungumza lolote. Ikiwa na uvuguvugu, lori limewashwa kabla hujafika ili lisikuonyeshe moshi wake wa kwanza, na ukaguzi uahirishwe. Fungua mfuniko wa rejeta au wa tanki la akiba, uyatazame maji na uyasugue kati ya vidole. Maji ya rangi ya kutu maana yake hakuna dawa. Utelezi wa oili juu yake ni shauri jingine, linaloweza kutoka kwenye kipoza oili au kwenye gasketi. Maji safi kabisa, yenye rangi ya kulanti mpya, ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote iwapo mabomba ya mpira yamechakaa na kuta za tanki zina utando wa kahawia, kwa maana yamebadilishwa kwa ajili yako.

Kisha omba ruhusa ya kuilegeza boliti ya sampu kwa uangalifu, mzunguko mmoja hadi miwili, bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini yake usiku kucha, hivyo yakiwamo yatatangulia kutoka. Matone ya mwanzo yaangukie kwenye karatasi nyeupe. Yakiwa meusi na ya utelezi, funga boliti; likitangulia tone jembamba lisilo na rangi ya oili, usiendelee na majadiliano ya bei. Oili iliyokwisha kuchanganyika na kuwa rojo jeupe haijitengi kwa usiku mmoja, lakini hiyo utaiona kwenye kijiti cha kupimia na chini ya mfuniko wa kujazia oili. Katika baadhi ya injini ubavuni mwa bloku kuna vitundu vidogo vilivyoachwa makusudi kati ya ringi za mpira za laina, ambavyo hutoa maji au oili ringi zinapochoka. Navyo nimeona vimepakwa rangi hadi vikaziba. Mwisho, fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia rejeta aupandishe mfumo hadi shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko na auache ukiwa baridi. Mshale ukishuka na chini hakuna tone, maji yameelekea ndani. Mwenye subira zaidi apeleke sampuli ya oili maabara, kwa sababu sodiamu na potasiamu zikionekana kwa wingi huwa kwa kawaida ni alama ya kulanti iliyopenya.

Hapa ndipo ninapokasirika na wauzaji. Injini huoshwa kwa mvuke na kupigwa rangi ya fedha, rejeta humiminiwa unga wa kuzibia matundu ambao baadaye huziba pia vijia vya kipoza oili, na ringi za alumini za magurudumu hung'arishwa. Gharama ya hayo yote huongezwa kwenye bei kana kwamba ni matengenezo. Mmiliki aliyehifadhi karatasi za kila kulanti na kila oili, lakini lori lake lina mikwaruzo mlangoni, huambiwa na madalali ashushe bei. Wauza vipuri hawana afadhali: laina zenye ukingo usiolingana na kipimo huingizwa kwenye maboksi yanayofanana na ya kiwanda, na laina isiyochomoza juu ya bloku kwa kimo sahihi huiunguza gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) mara kwa mara hata fundi akiwa hodari kiasi gani. Dai kipimo cha saa, yaani geji yenye mshale, si jicho la fundi.

Katika mpangilio wangu, ya kwanza ni Scania 124, toleo la familia ya nne iliyoanza mwaka 1995, na sifichi kwamba naipendelea. Injini yake ya lita 12 hivi ina silinda sita kwa mstari na kila silinda ina hedi yake, kwa hiyo laina moja inayotiliwa shaka hufikiwa bila kuzisumbua nyingine tano. Zipo zenye pampu ya kawaida ya dizeli na zipo zenye injekta (vipulizia dizeli) zinazoongozwa na kompyuta. Kwa mtu asiye na fundi wa umeme karibu, ningechagua za pampu. Ndugu zake, 144 na 164, ni za V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, na zina sauti ambayo madereva huisimulia, lakini laina nane ni laina nane. Watu watasema Scania kuukuu huuzwa ghali kuliko wenzake wa umri wake, na ni kweli. Tofauti hiyo ninaiona ndogo ukiilinganisha na oveholi moja, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya.

Ya pili ni MAN F2000, iliyotoka mwaka 1994. Nayo ina silinda sita kwa mstari na hedi moja kwa kila silinda, pampu yake inaeleweka na fundi yeyote aliyezoea dizeli, na haina makuu. Kibanda chake hakimpi dereva raha ya Scania, ila bei yake huakisi hilo, na mnunuzi anayetaka kazi badala ya fahari hatajuta.

Ya tatu ni Mercedes-Benz Actros ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1996 na kuendelea. Kwa upande wa injini sina neno: V6 ya lita 12 na V8 ya karibu lita 16, kila silinda ikiwa na hedi yake na pampu yake ndogo ya dizeli. Kinachoishusha ni kwamba umeme umeingia hadi kwenye gia, na lori la umri huo lenye waya zilizounganishwa kwa tepu linaweza kukusimamisha njiani injini ikiwa nzima kabisa. Kagua waya kwa muda uleule unaokagua maji.

Volvo FH12, iliyoanza mwaka 1993, madereva watanilaumu kwa kuiweka ya nne. Ni lori la kuendesha siku nzima bila mgongo kulalamika. Lakini injini yake ya D12 ina hedi moja ndefu juu ya silinda zote sita, na kemshafti (mhimili unaofungua valvu) imekaa juu yake, hivyo kuifikia laina moja ni kuvua kila kitu, kunyanyua chuma kizito kwa winchi na kukifunga upya kwa vipimo. Isitoshe, mirija ya shaba inayoshika injekta inaweza kulegea ikaruhusu gesi ya mwako kuingia kwenye maji. Injini ikiwaka, tazama tanki la akiba: vipovu vinavyopanda bila kukoma baada ya hewa ya kawaida kutoka vinaweza kuwa vya shaba hiyo, na ni kazi nafuu kuliko laina, lakini muuzaji atakuambia ni shaba hata kama ni kitu kingine.

DAF 95XF ya mwaka 1997 ningeipokea bila ugomvi, hasa ile yenye kibanda kirefu, ikiwa tu vipuri vyake vinapatikana unakofanyia kazi. Kwa malori ya Marekani, injini ya Cummins N14 ndiyo ningeitafuta kabla ya Caterpillar 3406E na Detroit Series 60, kwa kuwa ina hedi tatu, kila moja ikifunika silinda mbili, ilhali hizo nyingine zina hedi moja tu. Na asikushawishi mtu kwa tuzo: Volvo, MAN, Scania, Actros na DAF nilizozitaja zilipata taji la Lori la Mwaka la kimataifa kwa mfuatano, kuanzia mwaka 1994 hadi 1998, na taji hilo halisemi lolote kuhusu maji yaliyomo ndani yake leo.

Malori ya bei ya kutupa, yaliyounganishwa kutoka malori mawili au yenye injini isiyolingana na namba kwenye kadi, hayana nafasi hapa.

Ukishanunua, mwaga kulanti yote hata kama inaonekana nzuri, suuza mfumo hadi maji yatoke meupe, weka thamostati mpya na mfuniko mpya, kisha jaza kulanti ya dizeli nzito iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, maana maji magumu huacha ukoko kwenye bloku. Usichanganye kulanti ya nitriti na ya asidi za kikaboni kwa kubahatisha rangi, kwa kuwa rangi si kanuni inayofuatwa na viwanda vyote. Soma maandishi ya kwenye dumu. Usizidishe dawa pia, kwani ikizidi huganda na kuziba rejeta. Vipande vya karatasi vya kupimia nguvu ya dawa hupatikana kwa wauza vilainishi, na kipimo kirudiwe kila oili inapobadilishwa, matokeo yakiandikwa pamoja na tarehe na kilomita katika daftari linalokaa ndani ya lori.