Kiakisi cha alumini cha kukunja: kinafaa kiasi gani kwa ugezi wa rada za polaraizesheni?

Kiakisi hiki cha kugezia rada, yaani kuhakiki na kusahihisha vipimo vyake, ni bamba tatu za pembetatu zilizounganishwa kwa bawaba, kila moja ikiwa na kingo mbili za mita 1, ambazo zikifunguliwa hukutana kwa pembe mraba na kuyarudisha mawimbi ya rada kulekule yalikotoka. Kwa bendi ya C, ambayo urefu wa wimbi lake ni takriban sentimita 5.5, kinang'aa kwenye picha ya rada kama shabaha yenye eneo la mwangwi la mita za mraba zipatazo 1,360, kwa hiyo hakipotei hata kikisimikwa kwenye nyasi. Anayetumia bendi ya L asikinunue, kwani wimbi la sentimita 24 hukishusha hadi mita za mraba 73 hivi. Si ajabu kwamba viakisi vya Rosamond, California, vinavyotumika kugeza UAVSAR, rada ya NASA inayobebwa na ndege, vina kingo za mita 2.4.

Tangazo la muuzaji linadai kwamba kinatosha kwa ugezi kamili wa polaraizesheni (mwelekeo ambamo wimbi hutikisika), na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Kiakisi cha aina hii hurudisha HH (wimbi likitumwa na kupokewa kwa mlalo) na VV (likitumwa na kupokewa kwa wima) kwa nguvu sawa na fezi, yaani hatua ya mtikisiko, ileile, hivyo tofauti yoyote baina ya mikondo hiyo miwili ni ya rada yenyewe na inaweza kusahihishwa. Upande wa HV na VH, yaani wimbi likitumwa kwa mwelekeo mmoja na kupokewa kwa mwingine, hakirudishi kitu: kinachoonekana hapo ni uvujaji baina ya mikondo ya rada yenyewe, lakini uwiano wa HV na VH hauwezi kupatikana kwa shabaha iliyo kimya. Kwa hilo utahitaji kiakisi cha bamba mbili kilichoinamishwa nyuzi 45, ambacho kukielekeza ni kazi ngumu, au msitu mpana, ambako HV na VH zinatarajiwa kulingana.

Umbo limetengenezwa vizuri, ila bawaba zinanitia shaka. Skrubu hulegea kwa kukunjwa mara kwa mara, na bamba likikengeuka nyuzi 1 tu, mwangwi hupungua waziwazi. Heri kukagua pembe zote tatu kabla ya kila pito la setilaiti. Tundu la kutolea maji lipo, jambo la busara, ingawa ni dogo na huzibwa na majani. Stendi ni imara, lakini haina alama za nyuzi, kwa hiyo kipimapembe na dira utajitafutia mwenyewe.