Kamba ya miwani ya malakiti: nzuri, ila uzito!

Mimi ni mshonaji wa nguo, kwenye komine (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Miwani yangu ni ya karibu tu, ya kutunga sindano na kufuata mshono. Mteja akiingia naivua ili nimwone vizuri, nikirudi kwenye cherehani naanza kuitafuta: mara iko chini ya kitenge, mara mtu ameikalia. Zile kamba nyeusi za kusuka zinazouzwa sokoni ni za bei ndogo, lakini zikilowa jasho zinachuja rangi kwenye kola, na mshonaji mwenye kola chafu anajiharibia soko mwenyewe.

Nikamwendea mama mmoja anayetunga shanga, nikamwomba anitengenezee kamba ya malakiti, lile jiwe letu la kijani linalotoka upande wa Kolwezi na Likasi. Tukapatana dola nane. Kwa kamba ya miwani si bei ndogo, lakini mawe yalikuwa ya kweli. Niliyashika moja moja: malakiti halisi ni baridi mkononi hata mchana wa Oktoba, na mistari yake haifanani kati ya jiwe na jiwe. Ya plastiki yana mistari iliyopangwa sawasawa mno, na ukiyapima kiganjani hayana kitu.

Na uzito huo ndio uliotuletea shida. Zaidi ya nusu ya uzito wa malakiti ni shaba. Ushanga wake wa milimita 6 unakaribia nusu gramu, na kamba ya sentimita 70 ikijazwa hizo tupu inameza zaidi ya mia moja. Hapo una gramu 50 hivi, wakati miwani yenyewe haifiki 30. Ukiiacha ining'inie kifuani huoni tabu sana. Tabu ni ukiivaa, kwa sababu kamba inaning'inia kwenye ncha za mikono ya miwani, nyuma ya masikio, inazivuta chini, na vioo vinainuka puani. Nilikuwa nashona huku nimeinua kidevu kama mtu anayetazama paa. Mteja mmoja akaniambia, "Mama, wewe leo unatudharau?"

Kabla sijairudisha, uzi ukakatika wenyewe. Alikuwa ametumia mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Tundu la jiwe hutobolewa kutoka pande mbili, na pale katikati zinapokutana mara nyingi hubaki ukingo mkali. Kamba ikicheza shingoni kutwa, ukingo ule unausaga uzi polepole kama msumeno. Mawe yalimwagika hadi chini ya kanyagio la cherehani. Mengine nadhani yako huko mpaka sasa.

Yule mama hakubisha, na hapo nampa sifa zake. Aliitunga upya kwa waya mwembamba wa chuma uliovikwa plastiki, ambao hauliwi na tundu upesi. Malakiti akayaacha mbele tu, yanapoonekana, machache na yenye nafasi. Katikati yake na sehemu yote ya shingoni akajaza shanga ndogo za kioo za milimita 3, nyeusi na za rangi ya shaba. Uzito umeshuka hata chini ya nusu, na kwangu mimi imependeza kuliko ile ya kwanza, maana kijani sasa kina mahali pa kupumulia. Nywele za kisogoni pia hazinaswi tena.

Waya una adabu yake. Mwisho wake haufungwi fundo. Unapitishwa kwenye kishanga laini cha bati, unarudishwa, kisha kishanga kinabanwa kwa koleo. Ncha inayobaki lazima irudishwe ndani ya shanga tatu nne zinazofuata. Upande mmoja alikuwa ameikata fupi, ikawa inachoma shingo, na ikanivutia uzi kwenye satini ya mteja wa harusi. Satini ikishavutwa haina dawa. Nilimwonyesha, akairekebisha papo hapo bila kudai kitu.

Kuitunza ni kazi ndogo. Jiwe hili ni laini, kioo kinalikwaruza, na asidi inalila, kwa hiyo limau, siki na manukato ya kupuliza yakae mbali. Kiangazi vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho linafifisha mng'ao. Mimi naipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo jioni, nakausha, basi. Siiweki kwenye maji ya sabuni ikalala humo.

Kilichobaki ni vile vipete vya mpira vinavyoshika mikono ya miwani. Kwenye fremu nene ya plastiki vinang'ang'ania vizuri, lakini kwenye miwani ya mume wangu, yenye mikono myembamba ya chuma, vinateleza hata ukivuta springi yake mpaka mwisho. Tena mpira unaanza kukauka na kupasuka. Kwa bahati niliomba viungwe kwa pete ndogo ya chuma, hivyo vinabadilishwa bila kufumua kamba. Nampa nne kwa tano. Akipata vipete vya silikoni, namwagiza ya pili, ya mume wangu, na hiyo nataka iwe na malakiti matatu tu kila upande.