TAHADHARI: "Programu ya kupakua mashine ikiwa imelala" ni utapeli

Wakuu, kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza programu ambayo eti inaendelea kupakua mafaili hata kompyuta ikiwa imelala. Anawawinda watu wa bando la usiku, wale wanaoacha faili likishuka na asubuhi wanalikuta limeishia njiani. Bei Sh 15,000. Ukishalipa anakuambia uzime kwanza kinga ya virusi ndipo uisakinishe. Hapo tu ungeshtuka.

Binamu yangu aliinunua. Nikafungua Command Prompt kama administreta, nikaandika powercfg /requests, amri inayoonyesha programu zinazoizuia kompyuta kulala, na jina la programu likajitokeza chini ya SYSTEM. Yaani inachofanya ni kuizuia Windows isilale, basi. Mashine ilikesha usiku kucha, skrini tu ndiyo ilizima.

Kompyuta ikilala usingizi wa kawaida, prosesa inasimama na Wi-Fi inakatika. RAM (kumbukumbu ya muda) peke yake ndiyo inaendelea kupewa umeme. Kwenye "Hibernate" hata RAM inazimwa, kila kitu kinahifadhiwa kwenye diski. Sasa hiyo programu itaendeshwa na nini? Zipo mashine za siku hizi zenye usingizi mwepesi unaoweza kubaki na mtandao, lakini hilo huja na mashine yenyewe. Halisakinishwi na fundi wa WhatsApp.

Anachouza unacho tayari, bure. Ingia Settings, System, kisha sehemu ya Power, weka "Never" kwenye usingizi wakati mashine iko kwenye chaji. Skrini iache izime, haikati upakuaji. Kufunga kifuniko cha laptop ndiko kunakowaponza wengi, kwa hiyo kiache wazi. Usiyetaka kugusa mipangilio, programu ya PowerToys ya Microsoft ina kitufe cha Awake cha kuizuia mashine isilale, nacho hakilipiwi. Wenye Mac, andikeni caffeinate kwenye Terminal, nayo haitalala. Na faili likikatika usilifute: bonyeza "Resume" kwenye kivinjari kwanza, mara nyingi linaendelea lilipoishia.

Mliokwisha kuisakinisha, iondoeni, washeni kinga ya virusi, skani mashine nzima, na badilisheni nywila kwa kutumia kifaa kingine, ya barua pepe na ya benki kwanza. Uliyemlipa leo, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe kabla hajaitoa hela.