Mashine ya RO ya kuondoa chumvi majini na barafu ya nyumbani: uzoefu wangu hapa Dodoma

Huku kwetu Nzuguni tunatumia maji ya kisima. Wakazi wa Dodoma mnajua maana yake: sabuni haitoi povu upesi, birika la umeme linaota gamba jeupe, na chai sharti uizoee. Chai nilishaizoea. Barafu ndiyo iliyonishinda, na mimi nauza juisi ya ukwaju na ubuyu nyumbani. Glasi ikifika nusu, barafu ikishayeyuka, mteja anaonja chumvichumvi na kuona unga mweupe umetuama chini. Atadhani glasi haikuoshwa.

Kuchemsha kunasaidia kiasi. Sehemu ya chokaa inaganda kwenye birika na harufu ya dawa ya maji inaondoka, lakini chumvi inabaki palepale, tena inakolea kidogo kwa sababu kinachopaa ni maji matupu. Chujio la ndoo lenye mshumaa wa udongo nalo ni zuri kwa uchafu na vijidudu, ila chumvi iliyokwisha kuyeyuka inapita humo bila hodi. Ndiyo maana nikanunua mashine ya RO (kifupi cha "reverse osmosis"), ile inayofungwa chini ya sinki na kusukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, chumvi nyingi ikabaki nyuma.

Kwa ladha, sina ugomvi nayo. Fundi alikuja na kalamu ya kupimia vitu vilivyoyeyuka majini. Maji ya kisima yalisoma zaidi ya miligramu 900 kwa lita, yaliyotoka kwenye mashine hayakufika 100. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida yana ladha nzuri, na yakipita 1,000 yanaanza kuchukiza. (Kalamu hiyo haionyeshi vijidudu, msidanganyike.) Barafu sasa haina ladha yoyote, na hicho ndicho nilichotaka. Ukwaju unabaki ukwaju hadi tone la mwisho.

Muuzaji aliniahidi barafu angavu kama kioo. Hiyo sahau. Kwenye trei ya kawaida maji yanaganda kuanzia nje kuingia ndani, na hewa pamoja na chumvi vinasukumwa katikati. Chumvi imepungua sana, hewa bado ipo, kwa hiyo kiini cheupe utakiona tu, ingawa kikiyeyuka hakiachi unga. Na mashine haizuii harufu: weka trei wazi karibu na dagaa, utakunywa juisi ya dagaa. Nunua trei yenye kifuniko.

Sasa maudhi. Simtank letu limekaa chini, presha haikutosha, ikabidi nilipie pampu ambayo hakuna aliyenitajia dukani. Umeme ukikatika, hakuna maji. Halafu kila lita safi inayotoka, nyingine kadhaa zinaenda kwenye bomba la taka, na wakati wa mgao inauma kweli. Nayakinga kwenye pipa kwa kudekia na chooni. Bustanini siyapeleki, yana chumvi kuliko yalivyoingia. Vichujio vya mwanzo, vile maji yanavyopitia kabla ya utando, vinabadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo uliza bei yake kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Mama mkwe ameyakataa kabisa maji haya kwa chai. Anasema yamepooza, anachota yake kisimani. Simlaumu, hata mimi naona chai imebadilika.

Nyota nne, kwa anayefanya biashara kama yangu. Kama maji yako ya bomba shida yake ni harufu ya dawa tu, jagi lenye kichujio cha mkaa linatosha, tena kwa bei ndogo zaidi. Na kama ni barafu ya familia, trei mbili tatu kwa wiki, nunua dumu la lita 20 la maji yaliyosafishwa, litumie kwa barafu peke yake, na hela ya mashine inunulie kitu kingine.